Arobaini Yako Ililiwa kwa Muhogo

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kidogo nikingoja marahaba yako, kwa mazoea tu, halafu nikashika kalamu. Mdomo wangu unaujua, mbele za watu unafungwa. Kwenye karatasi naweza.

Nina hasira. Arobaini yako tumeiharibu. Na hawakuiharibu watu baki, ni chama chako mwenyewe, akina mama wa mtaa uliowakusanya ukawaambia kwamba Kariakoo kila mtu katoka kwao, basi tuzikane na tuozane wenyewe. Kifo hakina tarehe, nakubali. Lakini arobaini inajulikana tangu siku ya kuzika! Hata mtoto wa darasa la kwanza angeihesabu.

Vikao vilifanyika. Nilikuwepo, nimekaa pembeni ya mkeka, naandika kama ulivyonifundisha. Bi. Zuhura, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, aliuliza chakula kitakuwaje. Wote wakaitikia, "Tutashirikiana." Na turubai? "Tutashirikiana." Wakanywa chai, wakaenda zao wamefurahi. Wewe neno hilo likitajwa ulikuwa unashusha miwani na kuuliza, "Nani na nani?" Na huondoki hapo mpaka mtu aseme, mimi. Safari hii hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ya arobaini wakaanza kuingia uani. Mama Chiku, na kapu la nazi. Nyuma yake mwingine, nazi. Bi. Zuhura, nazi, tena kachukuziwa kwa mkokoteni. Maana nazi haina foleni, Shangazi. Mchele unataka uamke alfajiri ukapange mstari duka la ushirika, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ameamka. Ua ukajaa nazi kama shamba la Mbagala, masufuria yamekaa matupu, na barazani wanaume wanakaribia kumaliza hitima.

Tukakimbilia sokoni kununua muhogo. Muhogo wa nazi, Shangazi. Kwenye arobaini yako. Wifi yako wa Magomeni akaitazama sahani, akasema kwa sauti, "Kumbe Ramadhani imeingia, hatujaambiwa?" Watu wakacheka. Nilikwenda chooni kulia, harufu ikanifukuza, nikarudi kugawa sahani.

Mama Aika, yule Mchaga mwenye duka la vitambaa pale kona, alininong'oneza, "Mbona hamkuniambia? Foleni ya mchele naipita kila asubuhi." Naye ni mwanachama kama wengine. Alidhani haya ni mambo ya dini, Mkristo asijitie. Wenzake walidhani kwa kuwa ni mfanyabiashara, lazima atakuwa ameshaleta. Kila mtu alidhani! Walikuwa wanakaa mlango kwa mlango wakidhaniana.

Jumapili wakakutana tena. Mama Chiku, nafikiri kwa aibu, akasema chama kivunjwe. "Kila mtu ajizike mwenyewe!" Wakaangua kicheko. Bi. Mwanaidi hakucheka. Yule bibi asiye na mtoto wala ndugu hapa mjini, ambaye hakuna msiba wa mtaa huu aliokosa. Ndiye aliyekuosha. Akasema taratibu, "Sasa mimi, mkivunja, nitaoshwa na nani?"

Bi. Zuhura akamshika mkono. "Hatuvunji, mama. Tutashirikiana."

"Eee, tutashirikiana!" wakaitikia wote.

Nikasimama. Mimi, Shangazi. Kalamu ikaniponyoka. Nikasema, "Nani na nani?" Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Heee! Profesa kaamka!" Mama Chiku huyo. Bi. Zuhura akasema mtoto wa shule asiwapangie watu wazima zamu kama wafungwa. Adhana ya magharibi ikawaokoa, wakatafuta kandambili zao, wakatawanyika.

Nimewakasirikia. Na wewe nimekukasirikia, unisamehe. Ulikuwa unajua nani haamki mapema, nani hapikiki chungu kimoja na nani, nani ukimsifu kidogo atabeba mzigo wa watu watatu. Ukaondoka na yote hayo kichwani. Kwenye vitabu vyangu vyote sijaona palipoandikwa namna ya kumfanya Bi. Zuhura aseme "mimi".

Mama Aika alinisubiri mlangoni. "Ikija shughuli nyingine, mchele ni wangu," akasema. "Na kwa Bi. Mwanaidi, kuosha siwezi, dini zetu mbali, lakini kitambaa cha sanda nitakitafuta hata kikiadimika." Basi, huyo mmoja. Nyumba nyingine zote bado.

Bi. Mwanaidi ameanza kukohoa wiki hii. Hataki kwenda hospitali, anasema ni vumbi.

Nakuacha upumzike, Shangazi. Ninachokuahidi ni hiki: nikitoka shule nitabisha hodi nyumba kwa nyumba, wanicheke wapendavyo, na sitaondoka mlangoni kwa mtu mpaka aniambie yeye atafanya nini. Kisha nitakaa kitandani kwa Bi. Mwanaidi nimtajie, mmoja mmoja, watakaomwosha, angali anasikia.

Mwanao,
Rehema