Mto Umejaa, Gari Ninalo Mimi

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Nguo zianue kabla mvua haijarudi, na mdogo asiende shule bila sweta.

Zamani mto ukifurika nilishukuru, maana barabara ikikatika hata mimi nilipumzika. Tangu ulipolifungia gari lile bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa ili injini isinywe maji, kila mvua nyumba yetu inageuka kivuko na nahodha ni mimi. Leo asubuhi fundi cherehani amegonga mlango, nawe ukamjibu ukiwa chini ya shuka: "Mama watoto atakuvusha, hana kazi."

Haya, nimekwenda kumvusha.

~~Nitarudi mchana.~~ Nikimshusha ng'ambo naendelea hadi kwa dada, nikalale. Bomba umelifunga vizuri, hilo sikunyimi. Ila mtaa mzima gari la kuvuka ni hilo moja, kwa hiyo usihangaike kunifuata mpaka maji yashuke.

Watoto wanakula saa saba. Wakigonga wengine, toka mwenyewe uwaeleze. Huna kazi.

Mama watoto