Siku Mama Alipokaa Pangoni

Nyumba ya nyuma,
mkabala na ghala la mbao.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mgongo wako umepoa? Mara ya mwisho ulisema baridi ya huko inakuingia mpaka kwenye mifupa, nikawa nakuwazia ukiamka asubuhi na kujinyoosha ukutani. Na baba mdogo, bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia? Mapacha wamemaliza mitihani? Nakuuliza yote kwa mkupuo maana simu zetu siku hizi zimekuwa za salamu tu, kisha tunakata.

Sisi huku kiafya hatujambo. Mguu wa mama unavimba na kunywea, desturi yake. Mimi nakula, nalala, naenda kazini.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu vyumba vyetu ni viwili na ukuta ni mbao, na haya siyo ya kusemea nyuma ya ukuta wa mbao. Tena ni mama mwenyewe aliyesema uambiwe. Maneno yake yalikuwa haya: "Mwandikie mdogo wangu. Mimi siwezi kulisema mara ya pili." Basi keti vizuri, nikusimulie.

Bado niko pale hospitalini, chumba cha kufulia, kwenye mashine ya kunyoosha mashuka. Baada ya mazishi ya Mfupi nilirudi kazini mapema, na wenzangu wakanipokea vizuri kwa maana kwamba hawakuniuliza kitu. Walijua. Mji mzima ulijua kwamba mdogo wangu aliuawa na watu barabarani kwa wizi, na hakuna namna nzuri ya kumpa mtu pole ya kifo cha aina hiyo. Niliingiza shuka upande huu likatoka upande ule limenyooka, na siku ikaisha. Sikulia msibani, nafikiri uliambiwa. Shangazi zangu walilisema hilo sana. Wengine walisema nina moyo wa jiwe, wengine wakasema nimejikaza. Hata sikuwa nimejikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Mama yeye alilia siku zile, kisha akanyamaza kabisa. Hakuvuka geti. Akawa anaosha vyombo visivyo vichafu. Jina la Mfupi, ambalo ulimpa wewe kwa utani alipoanza kugonga kichwa kwenye fremu ya mlango, likawa halitajwi ndani ya nyumba. Ukimwambia kitu anaitikia, lakini anaitikia kama mtu aliye chumba kingine.

Sasa kila mwaka pale kazini tunatolewa siku moja kwenda kupumzika. Mwaka huu Msimamizi wetu, yule mama mnene mwenye sauti ndogo niliyewahi kukusimulia, alikuja mwenyewe mpaka nyumbani na kumwambia mama kwamba kuna nafasi yake kwenye gari. Hakubembeleza. Alikaa, akanywa chai, akasema tutampitia asubuhi, akaondoka. Nilidhani mama atakataa. Asubuhi nikamkuta amevaa, mkoba mapajani, anangoja.

Tulipelekwa kwenye bustani moja kando ya mto, mbali kidogo na mji. Nilijua kuna nyasi na vivuli na mahali pa kuchomea nyama. Sikujua habari ya majambazi, na kwa kweli hata Msimamizi hakujua, maana nilimwona uso ulivyombadilika tuliposhuka. Pale getini wamesimamisha ubao wenye mchoro wa jambazi, bunduki begani, na pa uso wamepatoboa tundu. Unaingiza uso wako kwa nyuma, mwenzako anakupiga picha. Wenzangu wakapanga foleni. Yule tunayemwita Sukari, kwa kucheka kwake, alipiga picha mpaka simu ikalalamika.

Mama aliutazama ubao ule, akapita.

Mto wenyewe ni mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda taratibu. Juu yake kuna mwamba, na kwenye mwamba kuna pango. Mdomo wake ni mkubwa kama lango la karakana, na ndani panashuka kidogo, panatiririka unyevu ukutani. Watu wameandika majina yao humo tangu zamani, mengine juu kabisa, sijui walipandaje.

Mwongozaji alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa mabuti ya mvua, ana tochi na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili. Akatusimulia kwamba zamani, mashua za bidhaa zilipokuwa zinapita mtoni, humu liliishi genge la wanyang'anyi. Mkubwa wao aliitwa Mwenye Taa, kwa sababu ukungu ukishuka alitundika taa mlangoni mwa pango, wafanyabiashara wakadhani ni gati, wakaja wenyewe kuibiwa. Akasema siku moja genge lilinasa mashua iliyobeba vioo vitupu, wakavitundika kuta zote hizi, kisha hakuna aliyeweza kulala, maana kila aliyegeuka aliona mwizi. Wenzangu walicheka mpaka pango likacheka nao. Hata mimi nilicheka. Nilisikia sauti yangu ikicheka.

Halafu akasema kwamba mwisho wake haujulikani vizuri, ila Mwenye Taa alitoka pangoni siku moja na hakurudi, na kama tuna maswali tuulize.

Mama ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na mlango, kwa ajili ya mguu. Akasema, "Nani alimtoa?"

Mwongozaji akasema inadhaniwa hakutolewa na mtu, alitoka mwenyewe, pengine njaa.

"Wangu nilimtoa mimi," mama akasema.

Hakupaza sauti, lakini pango lile halihitaji mtu apaze. Sukari akaacha kucheka mdomo ukiwa bado wazi. Mwongozaji akazima tochi, sijui kwa nini, labda kwa adabu, kisha akawaambia watu watoke wakaangalie mto, yeye anakuja. Wakatoka wote kwa mstari kama watoto wa shule. Tukabaki mama, mimi, mwongozaji na Msimamizi, aliyekataa kutoka.

Hapo ndipo mama alipolisema, Mama Mdogo, na alilisema kwa yule mwanamke wa mabuti asiyemjua, siyo kwangu.

Siku ile Mfupi alikuja nyumbani mchana anahema. Mimi nilikuwa kazini. Alimwambia mama kwamba yeye na wenzake wawili wameingia duka la simu, kwamba yeye hakuingia ndani, alishika pikipiki tu, na kwamba wenzake wametoroka na wakamwacha. Alitaka kujificha nyuma ya magodoro chumbani kwangu mpaka mambo yapoe. Mama akamkatalia. Akamwambia nyumba hii haifichi mwizi, nenda kituo cha polisi ukaseme mwenyewe, watakufunga lakini utatoka. Mfupi akabishana kidogo tu. Mama akampa maji ya kunawa, akampa shati safi ili askari wamwone ni mtoto wa watu, akamwambia tangulia, mimi navaa nakufuata. Alipotoka mama akafunga mlango kwa komeo, ili asije akageuza moyo na kurudi. Akaenda kutafuta viatu vyake. Akasikia kelele kule kwenye kona. Akadhani ni mpira.

Hayo ndiyo mama aliyoyabeba tangu siku ile bila kumwambia mtu. Watu walipomwambia pole alikuwa anawaza, wangejua.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wake mkononi. Nilisikia kila neno. Nilikuwa natazama ukuta, mahali maji yanapotiririka, nikawa nawaza kwamba shuka lingetundikwa humu lisingekauka mwaka mzima. Ndicho nilichowaza. Nakwambia hili usije ukadhani nilimkumbatia.

Mwongozaji alichuchumaa mbele ya mama na hakumwambia kitu cha maana. Alimuuliza alikuwa mtoto wa ngapi. Mama akasema wa mwisho. Akamuuliza alikuwa anapenda chakula gani. Mama akasema alikuwa hachagui, alikuwa anakula mpaka ukoko. Msimamizi alikaa chini kabisa, kwenye unyevu, na sketi yake nzuri. Tulikaa hivyo. Nje dereva akapiga honi mara kadhaa, kisha nadhani walimwambia aache.

Nikadhani labda mama hatatoka tena mle. Mwisho alinyoosha mkono nimwinue, akasema, "Hivi wenye pango hawakujenga choo?" Msimamizi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuwa ya kucheka yote.

Sitakuchosha na habari ya nyama na soda. Mama alikula. Sukari alikuja akamletea kiti, akakaa naye bila kusema, jambo ambalo kwa Sukari ni kama mtu mwingine kufunga siku nzima. Tulirudi jua likiwa bado juu.

Siku ya pili yake, Jumapili, mama akasema anataka kutembea mpaka kituo cha polisi, kwa njia ile ile aliyoishika Mfupi. Nikamwambia mguu wako. Akasema mguu ni wake. Kama unavyokumbuka, siyo mbali: unapita ghala la mbao, unakunja kona ya mafundi viatu, unafuata ukuta wa shule. Tulikwenda taratibu, kanishika mkono.

Pale konani, fundi viatu mmoja alimwona mama akasimama, sindano mkononi. Mama akamsalimia. Akamuuliza kama siku ile alikuwepo. Yule mtu akatazama chini, akasema alikuwepo. Akasema alijaribu kidogo, wakamsukuma. Mama akasema hakuja kwa ubaya, anataka kujua tu kama mwanawe alisema lolote.

Fundi akaichomeka sindano kwenye soli ya kiatu.

"Alikuwa anawaambia wamwache apite," akasema. "Alikuwa anasema, mama kanituma kituoni."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Fundi akamsogezea kigoda chake, lakini mama akamshukuru na kusema tusichelewe. Tukafuata ukuta wa shule. Nilisikia anavyohema, nikadhani ataanguka, nikaandaa mkono, lakini hakuanguka.

Tulifika kituoni. Askari wa zamu, kijana mwenye adabu tu, akatuuliza tuna shida gani. Mama akajishika meza ya kaunta.

"Hakuna shida, baba," akasema. "Nilimtuma mtu hapa hakufika. Nimemmalizia safari."

Askari akanitazama mimi. Nikamwambia asante, tukaondoka.

Jana usiku mama alilala mapema na alikoroma, kitu ambacho sijakisikia tangu msiba. Asubuhi hii amemtaja Mfupi kwa jina, alipokuwa anaosha sufuria: amesema angekuwepo angekomba. Ndipo akaniambia nikuandikie.

Mimi leo kazini shuka lilinasa kwenye mashine, nikavuta kwa haraka, nikaungua vidole. Nilivitazama. Vilikuwa vinauma kweli kweli. Nikamwendea Msimamizi nikamwonyesha, nikasema, "Vinauma," na nikawa siwezi kuacha kusema hivyo. Alinifungia mlango wa stoo, nikakaa juu ya mafurushi, akawaambia wenzangu nimekwenda kutibiwa. Ndimo ninamoandikia barua hii, na ndiyo sababu mwandiko unayumba. Usiseme nimesahau kuandika.

Ukipiga simu, usimwambie kwamba hakukosea. Watu wote watamwambia hivyo na yeye atakuwa anatikisa kichwa tu. Mwache aseme. Na kama nauli inapatikana bila kujiumiza, njoo. Chumba changu kina magodoro ya kutosha.

Msalimie sana baba mdogo, na mapacha uwaambie dada yao anawawazia. Mnisalimie na yule jirani yenu mshonaji aliyemshonea mama gauni. Mama anakusalimu, na anauliza kama bado unaweka sukari nyingi kwenye chai na hali umekatazwa. Mungu akuweke, akupe usingizi usio na mawazo na akutunzie wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nisipoonyesha,

Mtoto wa dada yako, yule wa mashuka.