Picha ya Baba Kwenye Meza ya Marehemu

Khuê, pokea simu! Nimemmaliza baba yangu mbele ya ukumbi mzima!

Si unaujua ule mchezo wangu wa jukwaani, wa familia yetu na mabanda ya kuku huku Arkansas? Leo ndiyo tumeuonyesha. Kwenye meza ya marehemu wa ukoo nilihitaji picha ya babu, na zake zote zilizama baharini wazee walipokimbia Vietnam. Nikaweka ya baba alipokuwa kijana, maana wanafanana mno. Nikawasha na ubani!

Ubani wa wafu, Khuê! Kwa mtu aliye hai! Na keshokutwa anapasuliwa moyo!

Mama akapanda jukwaani mchezo ukiendelea, akainyakua ile picha, akapiga ukelele: "Huyu hajafa! Mume wangu hajafa!"

Watu wakasimama wakapiga makofi. Makofi! Walidhani naye ni mwigizaji.

Sasa baba yuko garini, picha mapajani. Nimempigia magoti hapo kwenye kokoto. Wala hafoki. Ameniambia tu, "Hospitali siendi tena, mwanangu. Umeshanizika vizuri, na watu wamepiga makofi."