Andika ile bangi kwenye fomu

Kahindo, mujukulu wangu,

Huku Butembo tuko bazima. Mukaka wako, muke wangu, amemaliza kuvuna maharagi, anakusalimia.

Unaniuliza kama utaficha bangi uliyovuta zamani, kwenye fomu ya masomo ya officier.

Mimi nilitoka Vuhovi nikiwa kijana, nikaenda Beni kuomba kazi ya kuendesha camion. Patron, Muislamu mumoja, akatuuliza: «Munakunywaka pombe?» Benzangu bote: «Hapana, patron!» Batu ba Vuhovi, kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, inakunywewa hata siku ya ubatizo! Mimi nikasema: «Nilikunywa sana. Nikaangusha chukudu, ile baiskeli ya mbao, nzima ya viazi kwenye mutaro. Tangu ile siku niliacha.»

Akanipa fungulo ya camion. «Barabara ya Kayna iko na mitaro mingi,» akasema. «Wewe unaijua.»

Sijui kama bakubwa ba jeshi batakukubali. Lakini hapana ficha. Andika ulivuta, andika na mwaka uliacha.

Bengine bangeandika uongo bila kuuliza mutu. Wewe uliuliza. Tangu barua yako ifike, mukaka wako anasema ninatembea sokoni kama kolonele.

Koko wako