Maua ya Wifi juu ya Mabeseni

Jumamosi, Malukhu, Mbale. Mvua imekatika asubuhi, jua limetoka, nami nimecheka leo mpaka mashavu yananiuma.

Nimeshinda!

Nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho nitainuka nicheze ngoma hapa hapa. Wifi Hanifa, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Jinja. Mafundi walipoanza kubomoa baraza lake, aliniletea kwa pikapu vyungu vyake sita vya haibiskasi. Maua mekundu, mapana kama visahani. Akaniambia, "Zaituni, hii ni amana. Nitakuja kuyachukua yakiwa hai." Kisha akanitupia lile jicho ambalo amenitupia tangu niolewe, la huyu-ataweza-kweli.

Basi nikayalea kupita kiasi. Mama yangu alinizoesha kwamba chai iliyobaki kwenye chupa haimwagwi ovyo, inamiminwa kwenye maua pamoja na makapi yake, ni mbolea. Nikamimina kila asubuhi. Lakini chai ya nyumba hii tunaijua wenyewe: tangawizi, na sukari ya kusimamisha kijiko.

Haukupita muda, machipukizi yakajikunja. Vitumba vikadondoka kabla ya kufunguka. Nikageuza jani, chini yake vidudu vyeupe vimeshikana kama pamba, na jani lenyewe linanata.

Banange, jamani, nililia. Sioni haya kusema.

Nikaviosha kwa maji ya sabuni, vikarudi. Nikavisugua kwa mswaki mkuukuu, vikarudi. Mume wangu akanishauri ninunue maua mengine, eti Wifi hatajua. Hatajua! Huyu mtu dada yake mwenyewe hamjui.

Asubuhi moja nilichoka, nikachuchumaa tu nikaangalia. Kumbe! Sisimizi wametoka ukutani wamepanga mstari, wanaingia kwenye udongo kulamba sukari yangu, kisha wanapanda juu kwa vile vidudu vyeupe. Wanavipapasa, wanalamba utamu unaotoka kwao. Kikatua kile kidudu chekundu chenye madoa meusi, chenye kazi ya kula vile vyeupe, sisimizi wakakifukuza mbio. Yaani adui zangu wana walinzi, na walinzi wanakula kwangu!

Hasira zilinipanda. Chai ikakoma siku hiyo hiyo.

Halafu nikakumbuka kabati la chakula jikoni, miguu yake yote minne iko ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Maua yana tofauti gani? Nikakusanya mabeseni yote ya nyumba, tofali katikati, chungu juu ya tofali, maji yakizunguka. Tawi lililogusa ukuta nikalikata, maana wajanja wale walishaligeuza daraja. Nikaosha tena majani kwa sabuni, upande wa chini, jua likiwa limepoa. Maji ya mabeseni nikawa nayabadilisha, mbu wasije wakahamia. Mume wangu akauliza kama nguo zake zitafuliwa kwenye sufuria ya pilau. Nikamwambia ndiyo, na pilau apike yeye.

Bila walinzi, vile vidudu ni bure kabisa. Vyekundu vyenye madoa vikarudi, vikala vikashiba, na kila wiki weupe ukapungua mpaka sikuuona tena.

Leo Wifi kaja. Hakuketi, maji hakunywa. Moja kwa moja uani, akawa anageuza majani kwa kidole, chungu baada ya chungu. Mimi nyuma yake nimebana pumzi. Vyote vimechanua.

Akavuta kigoda, akakaa. "Zaituni, umefanyaje? Mimi vidudu hivi vinanitesa kila mwaka, nakata matawi kwa siri watu wasione. Nilijua utanirudishia vijiti."

Kila mwaka! Na lile jicho lote! Nilicheka, naye akacheka, mpaka mume wangu akachungulia dirishani kuona kuna nini. Miaka yote hii Wifi hakuwahi kuniuliza kitu isipokuwa chumvi iko wapi. Nikamweleza polepole, kwa raha zangu, sikuruka hata neno moja.

Tulipopakia pikapu nikanyanyua chungu cha mwisho, kile kilichokuwa mahututi kuliko vyote. Akanishika mkono. "Hicho acha. Hicho ni chako, mdogo wangu."

Mdogo wangu!

Sasa mimi leo nitalalaje?