Triga ya Jibu Lisilo Sahihi

Jumatatu, 16 Juni

Sijawahi kumwambia mtu: huwa nafanya mazoezi ya kusema "Niaje" nikiwa chooni, kwa sauti ya chini. Halafu nikikutana na watu natazama viatu.

Kwenye klabu ya kompyuta ni afadhali. Tunatengeneza somo la Biolojia la kompyuta, la kupeleka kwenye maonyesho ya shule Bungoma Jumamosi. Emmy na Derrick wanachora, Rispah anarekodi maelezo, mimi naweka triga. Triga ni amri tu: mwanafunzi akibonyeza tumbo, tumbo lifunguke. Napenda. Kila kitu kina sababu yake.

Leo Rispah alilia. Derrick alimwambia anasoma kama mtu anauza vitunguu Chwele — na kweli mamake huuza vitunguu soko la Chwele. Alilia hadi pumzi zikamkatika. Maikrofoni ilikuwa bado inarekodi!

Jumanne, 17 Juni

Emmy ameniita "beshte", yaani rafiki yake! Emmy!

Ati niweke triga moja ya mchezo. Mtu akichagua jibu lisilo sahihi, kile kilio kicheze. "Si wewe ndio unajua hizi vitu? Ni ya kucheka tu, bana. Tutatoa."

Niliweka. Kazi ndogo sana. Tulipojaribu, Derrick aliangukia dawati kwa kicheko. Nami nilicheka. Darasa zima, Rispah ndiye pekee hunisalimia asubuhi — niliwaza hilo huku nacheka.

Ijumaa, 20 Juni

Hatujatoa. Nilimkumbusha Emmy, akasema, "Wewe, usituharibie."

Mwalimu Kipketer, msimamizi wa klabu, alijaribu somo lote kabla ya kulinakili kwenye flash. Nilijizuia kupumua. Hakukosa swali hata moja. Bila shaka — ni mwalimu! Akanipongeza.

Jumamosi, 21 Juni

Mamake Rispah alikuja na bodaboda kutoka Chwele, amevaa nguo ya kanisani. Rispah akamkalisha mbele ya kompyuta, anatabasamu. "Mama, jaribu hii. Chakula huanza kusagwa wapi?"

Mama akabonyeza tumbo. Jibu ni mdomo.

Ukumbi wote ulisikia kilio. Mama alitambua kabla ya mtu yeyote. "Huyu si Rispah wangu? Nani anamchapa?" Aliuliza skrini! Derrick akaziba mdomo, mabega yanatikisika.

Mwalimu akauliza nani ameweka hiyo. Emmy akanitazama. Rispah pia — kama anayengoja nimsaidie.

Nikasema Rispah mwenyewe aliniomba. Ati alitaka wanafunzi waogope kukosa.

Mwalimu akamtoa Rispah nje. Mamake akawafuata, anauliza kosa ni gani, hakuna anayemjibu. Mimi nikafuta triga, nikahifadhi, nikabonyeza tumbo ili kuhakikisha. Kimya.

Sasa tuko ndani ya basi la shule, tunarudi shuleni Kitale, bado mbali. Rispah amekaa mbele peke yake, hajageuka. Emmy alikuwa ameniwekea nafasi kando yake.

Nilienda nikakaa.