Omena Nyuma ya Tangi

Alhamisi. Mvua ilianza saa nane mchana na bado inanyesha, ile mvua yetu ya Eldoret isiyo na haraka, na ua wote wa ploti ni matope. Nimenawa mikono mara nne. Bado nasikia harufu.

Niseme ukweli mapema: mimi sipendi paka. Sijawahi. Kama kuna mtu amefungua ukurasa huu akitarajia picha ya paka amejikunja kwa blanketi, atanisamehe, aende kwingine.

Na huyu wa ploti yetu hapa Munyaka hata anayependa paka angemkimbia. Ana rangi ya majivu. Jicho moja limezibwa na tongo, sikio la kushoto limeoza ncha na linatoa usaha. Hula kwa shimo la taka. Hurarua pampasi za watoto na kuziburuta mpaka kwa milango ya watu, ukifungua asubuhi unakanyaga kitu ambacho sitakiandika. Hana mwenyewe, na ana watoto wawili. Watu humwita Mwizi, na mwezi uliopita aliniibia samaki niliyemkaangia shemeji yangu aliyekuja kutoka nyumbani, Kakamega. Nilisimama uani na mwiko mkononi nikasema kwa sauti, ploti nzima ikisikia, kwamba huyu paka siku yake inakuja.

Nilisema hivyo. Nimeandika ili nisije nikajifanya sikusema.

Sasa, leo asubuhi. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu na mtungi wangu. Tuna vyumba vinane na mfereji mmoja, kwa hivyo saa hiyo watu wote wako pale. Chini ya mfereji, pale maji humwagikia, kulikuwa na mtoto wa paka amekufa, mkubwa kiasi, wa kama miezi miwili. Miguu imenyooka kama ya meza. Povu limekauka mdomoni na sisimizi wameshaingia machoni.

Na watu wanateka maji.

Wanamruka. Wanaweka mtungi, wanaruka, wanajaza, wanaruka tena. Jirani wa namba tatu alikuwa anapiga mswaki, akatema povu lake hatua mbili kutoka kwa lile povu lingine, akasukutua, akaenda zake. Mzee Rono, msimamizi wa ploti, alikuwa amesimama pale na koti lake. Akasema zamu ya usafi wiki hii ni ya namba tano mpaka namba nane, yeye hawezi kuingilia zamu ya watu. Mimi ni namba sita. Wote wakaniangalia.

Nilimshika yule mtoto wa paka kwa karatasi mbili za unga. Nilidhani atakuwa mwepesi. Tumbo lilikuwa limefura, na nilipomwinua kitu kikatoka kule nyuma kikanichuruzikia mpaka kwa kifundo cha mkono. Nilitaka kutapika, nikajizuia kwa sababu nilijua nikitapika pale pia nitafagia mimi.

Nilienda kumzika nyuma ya tangi la maji, chini ya ua wa miiba ya kayaba, pale tu ndipo hakuna simiti. Jembe lilikuwa linagonga mawe na vifuniko vya chupa. Nikiwa nainama ndipo nikaona sahani. Sahani ya bati, ya bluu, imesukumwa chini ya tangi vizuri kabisa. Ndani kuna vichwa vya vidagaa vya omena vimechanganywa na punje za rangi ya waridi.

Hizo punje nazijua. Nazipima kila siku.

Mimi nafanya kazi kwa duka la agrovet huko mjini. Tunauza mbegu, mbolea, dawa za ng'ombe, sumu ya panya. Ploti nzima huniita Dokta ingawa kitu cha maana ninachokijua ni kupanga stoo. Na sahani pia naijua. Ni ya Mama Brayo wa namba tano, mlango wake unatazamana na wangu. Mama huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani mwaka ule nilipozidiwa na tumbo, usije ukafikiri ni mtu mbaya. Ndiye huanzisha nyimbo kanisani Jumapili. Jumatatu alikuja dukani akanunua pakiti moja.

Nilipokuwa nikifukia yule mtoto nilikuwa nimeshapanga hotuba. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Mtu mzima, mama wa watoto, anawekea sumu kiumbe kinachonyonyesha, halafu anakuja kuteka maji juu ya maiti kama si yeye. Nilikuwa nimwambie hayo yote mbele ya watu.

Nikarudi mferejini na udongo mpaka magotini. Kabla sijafungua mdomo, Mama Brayo akanimwagia maji mikononi kwa kikombe chake, polepole, na akasema, "Pole na hiyo kazi, Dokta. Lakini hiyo dawa yako ni kali. Kumebaki huyo mwingine mdogo na mama yao tu."

Halafu akawageukia wengine. "Mimi nilikuwa nataka kuweka na ugali. Ni yeye aliniambia niweke na vichwa vya omena."

Watu wakanishukuru. Naapa. Jirani wa mswaki aliniambia asante. Mzee Rono akasema vizuri sana, niongeze pakiti nyingine, kazi iishe kabla ya Jumamosi, maana ikifika Jumamosi na paka hajafa yeye atamtia kwa gunia, alizungushe mara tatu ili paka asahau njia, na kijana wa bodaboda amtupe mbali, huko mbele ya Kesses. Alisema kuzungusha mara tatu kwa uhakika kabisa, kwamba kwao hufanya hivyo na hajawahi kuona paka akirudi.

Nami nikasema nini? Nilisema, "Nitaangalia."

Nilienda kazini na hilo neno. Nitaangalia. Ni neno la mtu asiye na uti wa mgongo. Nimelisema mara ngapi maishani, na mara ngapi nimeenda kuangalia kweli?

Daktari Jelagat alipitia dukani kabla ya saa nne. Ni daktari wa mifugo, huchukua dawa kwetu kabla ya kuzunguka mashambani. Nilimweleza habari ya paka, lakini si yote. Sikumwambia sumu imetoka kwa rafu gani. Alisikiliza huku akihesabu sindano zake na akasema tukimtupa huyu, atakuja mwingine, kwa sababu shimo letu la taka liko wazi na kuna panya. Akasema dawa ni kumfunga kizazi, kutibu sikio na jicho, na kumrudisha palepale. Hufanyia mbwa wa mashambani kila mara. Akiletewa paka Jumamosi asubuhi, pale kwa chumba cha nyuma cha duka, atamfanyia, na huyo mdogo atamwangalia pia.

Nilicheka kidogo. Paka wa jalala apangiwe uzazi, na ploti yetu ina akina mama ambao hawajawahi kufikiwa na huduma kama hiyo.

Hakucheka. "Mlete," akasema. "Lakini ni wewe utamshika. Mwekee chakula anachopenda, kila siku, mpaka akuzoee."

Chakula anachopenda. Ploti nzima inajua anapenda nini.

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja. Kwanza nilivaa glavu za dukani, nikaitoa ile sahani ya bluu, niliyoiacha pale asubuhi kwa hasira, na kila punje iliyomwagika, nikafunga ndani ya mkebe ili nirudishe kazini kesho. Hata kwa shimo la taka sikuthubutu. Kisha nikakaanga omena safi, bila chumvi, nikaenda nyuma ya tangi na mwavuli. Nilikaa pale nimechuchumaa kwa matope kama mtu aliyepoteza ufunguo. Niliona haya. Kulikuwa na harufu ya choo, harufu ya matunda ya kayaba yaliyooza, na harufu ya omena, na mvua ilikuwa inaingia kwa shingo.

Wakatoka. Mama mbele, mtoto nyuma. Kwa karibu yule paka anachukiza kuliko nilivyodhani. Usaha umeshuka mpaka shavuni. Matiti yamelegea na yana vidonda. Niliweka sahani yangu ya omena chini nikasogea nyuma.

Akanusa hewa. Akasimama. Alirudi nyuma hatua moja, sikio lake zima likalala.

Mtoto hakungoja. Alikuja mbio na mkia juu, njaa tupu, na mama yake akamrukia, akamkamata shingoni kwa meno na kumvuta kinyumenyume ndani ya matope mpaka chini ya tangi. Mtoto analia, mama hamwachii. Na lile jicho lake moja lilikuwa kwangu wakati wote.

Nilifanya jambo la kijinga. Nilichukua kichwa cha omena nikakitia mdomoni, nikatafuna, nikimwonyesha. Kisha kingine. Tazama, ni safi, nakula mimi. Mwanamke mzima na mwavuli, anatafuna vichwa vya omena mbele ya paka. Hakutoka.

Mama Brayo alipita akienda chooni. Akaniona pale nimechuchumaa na sahani, akainama kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu anayeshirikiana na mwenzake, "Hiyo ndiyo imechanganywa?"

"Hapana," nikasema. "Hii ni chakula tu."

Akanitazama, hakuelewa, akaenda. Mdomo wangu ulikuwa umejaa omena.

Sasa ndio niandike kile nimekizunguka tangu juu.

Mwenye duka letu ametupa sheria moja kuhusu sumu. Kila mteja lazima aulizwe anaenda kuua nini. Kuna watu huchukua ya panya wakampa mbwa wa jirani, halafu jirani anakuja kupiga kelele dukani. Kwa hivyo Jumatatu nilimuuliza Mama Brayo, kama kawaida, "Unaenda kuua nini?"

Akasema, "Panya." Halafu akaongeza, "Yule wa jicho moja."

Tulicheka. Wote wawili. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Halafu nikamfungia pakiti kwa gazeti, na ni hapo, nikiwa bado nacheka, nilipomwambia asihangaike na ugali, atumie vichwa vya omena, kwa maana hivyo hawezi kukataa. Sikusema panya hawezi kukataa. Nilijua namzungumzia nani. Nilikuwa namfikiria yule samaki wa shemeji.

Leo asubuhi nilipomshika yule mtoto nilijiambia kinachonichefua ni uchafu uliotoka tumboni mwake. Halafu nikasema ni watu wanaoruka maiti. Halafu Mama Brayo. Nimetafuta mtu wa kutapikia siku nzima. Yeye angalau alinimwagia maji mikononi bila kuficha kitu, mbele ya watu wote, kwa sababu hakujua kuna kitu cha kuficha. Aliyejua ni mimi.

Kumshika huyo paka kutachukua muda, na Jumamosi ni keshokutwa. Kesho nitamjaribu na maziwa, au matumbo ya kuku kutoka kwa mchinjaji, kitu chochote kisichonuka omena. Lakini kabla ya maziwa lazima mtu amwambie Mzee Rono aliweke chini lile gunia, na watanisikilizaje, mimi Dokta wa dawa kali, kama sijawaambia kwanza nilichocheka Jumatatu? Nimejaribu kuisema hapa chumbani kwa sauti. Inafika kwa neno "nilijua" inakwama.

Mtungi wangu hauna maji. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu wote watakuwa mferejini.